Pete ya filamu ina muhuri wa 18KGP na cheti, je ina thamani ya dhahabu?

Swali lenyewe kwa ufupi: "Kaka habari za kazi. Kuna mtu ananiuzia pete ya The Lord of the Rings, ile ya rangi ya dhahabu yenye maandishi kuzunguka, nataka nimpe mdogo wangu maana hizo filamu anazijua kwa moyo. Ina kisanduku na cheti chenye namba, ndani imepigwa muhuri 18KGP, nimeipima ina gramu 6.8. Anasema ni toleo la kwanza la 2001, ni dhahabu, na imefanana asilimia mia na iliyotumika kwenye filamu, kwa hiyo bei ameiweka ya dhahabu. Ameniachia siku tatu niiangalie. Nitajuaje kama ni nzuri na inastahili kiasi gani?"

Salama dada yangu, na umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla hela haijatoka mkononi, wengi wananiandikia wakishalipa na hapo nabaki kuwapa pole tu. Nianze na huo muhuri kwa sababu nusu ya jibu lako iko humo. 18KGP sio dhahabu ya karati 18. Hizo herufi GP zinasema pete imechovywa dhahabu, yaani ndani kuna madini mengine kabisa na juu kuna ngozi nyembamba ya dhahabu ya karati 18. Ukikuta GEP au HGE habari ni ileile, kuchovywa, na GF au RGP ni tabaka la dhahabu limebandikwa juu ya madini mengine, hilo huwa nene kidogo lakini bado sio pete ya dhahabu. Pete ya dhahabu ya karati 18 yenyewe huwa na 750 au 18K peke yake, 750 maana yake katika sehemu 1,000 sehemu 750 ni dhahabu tupu. Za karati 14 zinaandikwa 585, za karati 9 ni 375. Na uwe makini na moja inayochanganya watu wengi, 18KP bila ile G ni alama ya wasonara wa Marekani ya kusema karati ni 18 kamili haijapungua, kwa hiyo chukua tochi usome vizuri ni KP au ni KGP, herufi moja tu inabadilisha kila kitu.

Najua kuna atakayesema muhuri unaweza kupigwa na mtu yeyote, ni kweli, ila fikiria unadanganya kuelekea wapi. Mtu anaweza kupiga 750 kwenye shaba ili aiuze ghali, lakini hakuna mtu mwenye dhahabu halisi anayeipiga GP ili ionekane duni. Kwa hiyo muhuri ukijishusha uamini, ukijipandisha ndo uanze kupima.

Sasa tupige hesabu uone tofauti yake ni kubwa kiasi gani, manake huyu bwana bei ameiweka ya dhahabu. Hiyo pete ingekuwa kweli karati 18, gramu 6.8 mara 0.75 unapata gramu 5.1 za dhahabu tupu. Bei ya dhahabu duniani inatajwa kwa aunsi, aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1, unagawanya bei ya siku kwa 31.1 halafu unazidisha 5.1, hiyo ndo thamani ya madini peke yake. Ikiwa imechovywa, uchovyaji wa kawaida unaoitwa mzuri ni nusu mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Pete ya ukubwa huo ndani na nje ukiikunjua ina eneo la kama sentimita za mraba 8 au 9. Zidisha hapo, dhahabu yote iliyopo haifiki hata gramu 0.01. Gramu 5.1 kwa upande mmoja na chini ya gramu 0.01 kwa upande mwingine, na kwa macho zote mbili zinang'aa sawasawa.

Usiishie kwenye muhuri lakini, ipime mwenyewe, na kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakiharibu chochote na ni cha maji. Tafuta mzani mdogo wa dijitali unaosoma hadi 0.01 ya gramu. Ipime pete ikiwa kavu uandike namba, wewe tayari unayo, 6.8. Halafu weka kikombe cha maji juu ya mzani, uurudishe kwenye sifuri, ifunge pete kwa uzi mwembamba uishushe taratibu mpaka izame yote, ila isiguse chini wala pembeni, wewe umeshika uzi kwa juu. Mzani utaonyesha namba ndogo. Hiyo namba ni uzito wa maji yaliyosukumwa na pete, ambayo ni sawa na ujazo wa pete yenyewe kwa sentimita za ujazo. Gawanya 6.8 kwa hiyo namba unapata densiti. Angalia vipovu vya hewa vilivyong'ang'ania kwenye maandishi, vinadanganya kipimo, itikise kidogo vitoke, na rudia mara tatu nne mpaka namba zikubaliane.

Kwa pete yako ukiona karibu 0.44 densiti ni kama 15.4, hapo ni pale inapotakiwa kuwa dhahabu ya karati 18. Ukiona karibu 0.66 ni silva ya 925. Ukiona 0.80 hivi ni shaba ya njano, 0.85 ni chuma kisichoshika kutu, na ikikaribia 1.0 basi ni ile aloi ya zinki ya bei rahisi inayomiminwa kwenye vinyago vya ufunguo. Mimi natarajia utakuta 0.80 au 0.66, na kati ya hizo mbili uombee ya pili, nitakwambia kwa nini.

Kuna mtego mmoja lazima nikuambie maana kwenye pete za filamu hii upo sana. Nakala nyingi nzuri na za halali zinatengenezwa kwa tangsteni kabaidi, ni nzito, ngumu, hazichubuki ovyo, na wanazipaka rangi ya dhahabu. Densiti yake inacheza kwenye 15, yaani inakaribiana kabisa na karati 18, kwa hiyo kipimo cha maji peke yake kinaweza kukuambia dhahabu wakati sio. Hapo jaribu sumaku yenye nguvu, dhahabu haivutwi kabisa ila baadhi ya tangsteni huvutwa kidogo kwa sababu ya kobalti iliyochanganywa humo, na isipovutwa bado sio ushahidi, ipeleke kwa sonara ajaribu kwa tupa upande wa ndani. Kwenye dhahabu tupa inakula bila shida, kwenye tangsteni inateleza tu. Na huyo sonara umwambie mapema kwamba pengine imechovywa, kwa sababu akiisugua juujuu tu kwenye jiwe lake na kuweka asidi atakuwa anapima ile ngozi ya juu na atakupa jibu zuri ambalo sio la kweli, lazima aguse chini ya ngozi, kikwaruzo kidogo ndani kusikoonekana kinatosha. Bila shaka ruhusa ya mwenye pete iwepo kwanza.

Hayo ni ya madini. Ila niseme wazi, pete kutokuwa dhahabu sio kosa, kosa ni kuuzwa kwa bei ya dhahabu. Nakala ya filamu inaweza kuwa ya shaba na ikawa nzuri sana, ya thamani, ya kutunzwa. Kwenye hizi vitu kuna thamani tatu tofauti, ya madini, ya kazi ya mikono, na ya makaratasi yaani leseni na toleo, na kila moja inapimwa kivyake. Wauzaji wa aina hii wanapenda kuzikoroga pamoja ili upate shida kujua unalipia ipi.

Kwa hiyo tuje kwenye kazi. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10, kama huna kamera ya simu ukiisogeza karibu na mwanga wa pembeni inasaidia, na uangalie maandishi. Hapa ndipo pete inapojieleza yenyewe. Niliwahi kununua mbili kwa wauzaji wawili tofauti, kwa mbali mapacha, rangi moja kisanduku kilekile, nikaziweka zote chini ya lenzi mezani. Ya kwanza mistari ya herufi ilikuwa na kingo kali, unaona kabisa pale mkunjo unapoanza mwembamba, unanenepa tumboni halafu unakonda tena mwishoni kama mwandiko wa kalamu ya wino, na chini ya mfereji kumesawazika. Ya pili herufi zilikuwa kama zimelambwa, kingo zimeviringika, vile vimkia vyembamba vya mwisho vimepotea kabisa, na kwenye mifereji kulikuwa na vitundu vidogovidogo kama uso wa mkate. Nikapima upana kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo kwa milimita, ya pili ilikuwa nyembamba kidogo kuliko ya kwanza. Hiyo ya pili ilikuwa nakala ya nakala, mtu amechukua pete iliyokwisha kutengenezwa akaifinyanga kwenye mpira, akamimina nta, kisha madini, na kila hatua kitu kinasinyaa kidogo na undani unaliwa. Muuzaji alikuwa ameniambia zote ni za kiwanda kimoja. Nilijifunza hapo kwamba kisanduku kinaweza kuwa cha kweli na kilichomo ndani kisiwe.

Kwa hiyo unaangalia ukali wa herufi kwanza, halafu pale maandishi yanapokutana mwisho na mwanzo, kwenye kazi nzuri huoni kiungo, kwenye kazi ya haraka utaona herufi zimebanana ghafla au pengo limeachwa au sentensi imekatwa katikati ikarudiwa tena. Nimeshaona hata za mstari wa ndani umewekwa kichwa chini miguu juu. Andaa picha safi ya maandishi uyalinganishe herufi kwa herufi, mdogo wako kwa jinsi unavyomwelezea ataligundua kosa la hivyo ndani ya dakika moja. Baada ya hapo pitisha ukucha ndani ya pete, iwe laini na imeviringwa kidogo, usisikie mstari wa kuunganisha wala mahali palipokatwa mrija wa kumiminia na kupigwa tupa vibaya. Halafu angalia kingo na upande wa chini unaogusa kiganja, uchovyaji hafifu huanza kuondoka hapo, utaona rangi imegeuka kuwa ya wekundu au weupe kuliko kwingine.

Tuje kwenye hilo la "asilimia mia kama ya kwenye filamu", hili nalipenda maana mtu akilijua hadanganywi tena. Pete za filamu hizo zilitengenezwa na karakana ya sonara Jens Hansen iliyoko Nelson, Nyuzilandi. Yeye mwenyewe alifariki 1999 kabla filamu ya kwanza haijatoka, ilitoka Desemba 2001, wanawe wakaendeleza kazi. Hazikuwa pete moja, zilitengenezwa kama 40 kwa saizi na matumizi tofauti, za vidole vya waigizaji mbalimbali, za kuning'inia kwenye mkufu, na moja kubwa ajabu ya upana wa kama sentimita 20 kwa ajili ya picha za karibu sana. Na jambo lenyewe kubwa ni hili: pete walizozishika waigizaji zilikuwa tupu, laini, hazina herufi hata moja. Maandishi ya moto unayoyaona kwenye skrini yaliongezwa baadaye kwa kompyuta.

Unaona sasa? Pete yako ina maandishi yaliyochongwa moja kwa moja, kwa hiyo haiwezi kuwa sawa asilimia mia na kifaa kilichotumika. Inaiga ile picha tunayoiona kwenye skrini, sio kile kitu kilichokuwa kwenye seti. Sio dhambi hata kidogo, watu wengi wanaitaka yenye maandishi kwa sababu ndivyo wanavyoikumbuka, na hata kampuni zenye leseni zinaiuza hivyo. Lakini muuzaji anayetumia hayo maneno kupandisha bei ama hajui anachouza au anajua na anakutegemea wewe usijue. Mtu anayetafuta kilichokuwa mbele ya kamera anatakiwa atafute pete nyororo, nene, tumbo limebinuka, na akiambiwa ilitumika kwenye filamu adai mlolongo wa karatasi tangu ilipotoka kwenye utengenezaji mpaka kumfikia, tena na mikwaruzo yake ilinganishwe na picha za filamu. Cheti cha kisandukuni hakifanyi kazi hiyo.

Cheti nacho tukiseme. Kwa nakala, cheti ni karatasi ya mtengenezaji kusema hii ni bidhaa yake, basi. Kina maana kama mtengenezaji anajulikana na namba inaeleza ni ya ngapi kati ya ngapi, kwa sababu namba peke yake bila jumla haielezi uchache wowote. Tafuta hiyo namba kama imechongwa pia kwenye pete au kwenye kisanduku, zikitofautiana zimekutanishwa baadaye. Na geuza kisanduku usome ile mistari midogo ya haki miliki chini, watu hawaisomi kabisa na ndo inayoongea sana. Bidhaa ya leseni ya filamu hizi inataja New Line, yaani kampuni ya filamu hizo, na inataja pia mwenye haki za bidhaa. Za miaka filamu zilipokuwa zinatoka mwenye haki anatajwa kama Tolkien Enterprises, jina la Middle-earth Enterprises lilikuja miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo kama kisanduku chako kimeandikwa Middle-earth Enterprises, hilo sio toleo la kwanza la 2001 hata kama cheti kimeandikwa 2001 kwa wino wa dhahabu. Na kama hakuna mstari wowote wa haki, ni kazi ya mtu binafsi asiye na leseni, ambayo inaweza kuwa imetengenezwa vizuri ila thamani ya makaratasi hesabu ni sifuri.

Bei sasa. Sikutajii namba maana sijaiona pete mkononi, ila nakupa njia. Tafuta pete ileile, mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile, uangalie bei ambazo zimeshauzwa, sio zile watu wanazoomba, mtu anaweza kuomba chochote na ikakaa miaka haina mnunuzi. Chukua tano sita, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, zinazobaki ndo soko. Kutoka hapo ongeza kidogo kama kisanduku, cheti na mkufu wake vyote vipo na ni safi, punguza kama ngozi ya dhahabu imeanza kuondoka, kwa sababu kuchovya upya kunarudisha mng'ao lakini kwa mkusanyaji tayari imeguswa. Kama ni shaba au zinki, madini yenyewe usiyahesabu kabisa kwenye bei. Kama kipimo cha maji kimekupa silva basi furahi, silva iliyochovywa mikroni 2.5 na kuendelea ni daraja lingine la kazi, inadumu, inachovyeka tena vizuri, na nakala za hivyo mara nyingi zinatengenezwa na watu waliojali na herufi.

Kabla sijasahau, muulize mdogo wako ataivaa au ataiweka. Akiivaa kwenye mkufu, mkufu unasugua upande mmoja wa ndani siku nzima na ngozi ya dhahabu inaondoka hapo kwanza, pete ya kuchovya ya kuvaa kila siku haina maisha marefu. Akiivaa kidoleni na ni shaba, jasho litamwachia alama ya kijani kwenye ngozi, haina madhara inaoshwa, ila watu wanashtuka. Ngozi yake ikiwa inawasha na vito vya bei rahisi uliza kuhusu nikeli. Na ikiwa ni tangsteni saizi iwe sahihi tangu mwanzo, haipanuliwi wala haipunguzwi na sonara yeyote, ikigonga sakafu ngumu inaweza kupasuka.

Kwa siku zako tatu fanya hivi. Leo usome muhuri kwa tochi na ufanye kipimo cha maji mara nne, kesho herufi kwa lenzi na mistari ya chini ya kisanduku, piga picha zote hizo. Halafu mpigie muuzaji umuulize kwa utulivu, madini ya chini ni nini, uchovyaji ni mikroni ngapi, na mtengenezaji ni nani. Anayejua mali yake atajibu hayo matatu bila kukasirika na mnaweza kukubaliana bei ya nakala iliyochovywa. Akirudia tu kwamba ni dhahabu, mrudishie pete yake na umwonyeshe hizo herufi GP kwa mwanga wa tochi. Namba ya kwenye maji ukishaipata niandikie, na picha ya herufi kwa karibu kama utaweza, niiangalie nikuambie kama ni nakala ya kwanza au ya nakala.